Vidole vya Bi Atija

Bi Atija alifika dirishani na korosho.

Zilikuwa ndani ya kifuko kilichoshonwa kwa kipande cha kanga, na hata kabla hajasalimiwa alikisukuma chini ya kioo kwa mikono miwili. Somoe alikitazama kifuko, akaitazama ile mikono iliyokileta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni zako. Nimezibangua mwenyewe, siku mbili nzima, jana na juzi. Onja. Hakuna hata moja iliyovunjika."

"Umebangua mwenyewe?"

"Sasa nani tena? Nina mjakazi mimi?" Bi Atija akacheka, meno matatu yakaonekana. "Ulinitendea wema mwezi ule. Nikajiuliza, Atija wewe, utarudije kwa yule binti mikono mitupu? Si watasema huna kwenu?"

Somoe alitamani kupiga kelele. Aliitazama saa iliyokuwa juu ya mlango wa kontena. Saa tisa na robo. Saa kumi kamili dirisha la maombi ya kukaa nchini lingefungwa, si la siku hiyo tu bali la mwaka mzima, na jingine lilikuwa halijatangazwa. Nje, kwenye uwanja wa Kituo cha Mnyundo, mabasi mawili ya kijani yalishageuzwa yakatazama mtoni. Asiyekuwa na ombi lililokamilika ifikapo saa kumi alipanda basi, na basi lilimvusha Ruvuma hadi ng'ambo, ambako bahari ilishameza vijiji saba na visima vyote vilivyobaki vilitoa maji ya chumvi.

"Bibi, nilikuambia nini mwezi uliopita?"

"Uliniambia nisifue, nisipalilie, nisibangue. Nimetii! Nimekaa siku ishirini na nane kama mwali aliyefungiwa ndani. Majirani wananichotea maji, wananipikia, wananisema. Vidole vikarudi vizuri kabisa, laini kama vya mtoto. Ndiyo nikasema, siku mbili tu zitafanya nini?"

"Hata majivu hukupaka?"

"Majivu nitoe wapi, mwanangu, na kambi nzima inapikia jua?"

Ukweli ndio huo. Kambini moto wa kuni ulipigwa marufuku, kila hema lilikuwa na jiko lake la jua, na majivu, ambayo wabanguaji wamejipaka vidoleni tangu enzi za mababu ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, hayakupatikana hata kwa dawa. Ngozi ile changa iliyoota kwa siku ishirini na nane ilikuwa imechunika. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, na pale zisipokuwa nyeusi zilikuwa nyekundu mbichi.

"Weka mkono kwenye kioo, Bibi. Taratibu."

Kioo kikawaka buluu, kikazima.

"Alama hazisomeki," akasema Mtambuzi. Hivyo ndivyo ilivyoitwa ile mashine, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke mpole, mwenye subira, asiyechoka kukukatalia.

Somoe akajaribu kidole kimoja kimoja. Gumba la kulia, halisomeki. Cha shahada, hakisomeki. Alikifuta kioo kwa kitambaa, akampulizia bibi vidole, akajaribu tena. Katika vidole kumi vilipatikana viwili, vile vya mwisho ambavyo mtu hashikii korosho. Sheria ilitaka vinne. Vikipatikana vinne, ombi linapita kwa vidole, basi, kwaheri, mtu anakwenda zake. Visipopatikana, yanachukuliwa mate.

Na mate ya Bi Atija ndicho kitu pekee duniani ambacho Somoe hakutaka Mtambuzi akionje.

*

Mwezi mmoja nyuma bibi huyu alikuwa namba mia mbili na sita tu kwenye foleni.

Siku ile vidole vyake viliungua vibaya zaidi, kwa sababu alikuwa ametoka kubangua kwa kibarua msimu mzima. Somoe alimpiga picha ya sikio kama alivyompiga kila mtu, maana Mtambuzi huanzia sikioni. Umbo la sikio hurithiwa, na mashine hulifananisha na masikio yote iliyo nayo, ya waombaji na ya watumishi. Inachokipata inakiita fununu. Fununu haina nguvu ya sheria. Inaonekana kwenye skrini ya karani peke yake, na ombi likipita kwa vidole au likiahirishwa inafutika. Wala si ya kuaminiwa sana. Iliwahi kumpatia padri mmoja watoto sita, kituo kizima kikacheka wiki nzima.

Basi pembeni ya skrini yakatokea maneno: *Fununu ya undugu, asilimia 71. Mtumishi 4417.*

Somoe akatabasamu. Mtumishi 4417 alikuwa yeye.

Akaendelea na maswali. Jina? Atija Namwaka. Umri? Sitini na mbili, au sitini na tatu. Akafika swali la tisa, lile wanaloulizwa wote: una ndugu yeyote mwenye haki ya kukaa nchini?

"Nilikuwa na mdogo wangu," Bi Atija alisema. "Anshura. Ule mwaka wa mafuriko makubwa nilimpandisha mtumbwini, mimi nina miaka kumi na moja, yeye sita. Palibaki nafasi ya mtoto mmoja. Nikamwambia nakuja na wa pili. Hapakuwa na wa pili. Sijui kama alifika."

"Alikuwa na alama yoyote?"

"Alizaliwa na kidole cha sita, mkono wa kulia. Mama alikifunga kwa uzi mpaka kikadondoka. Palibaki kikovu hapa." Akagusa ubavu wa kidole chake cha mwisho.

Tabasamu la Somoe likakauka. Kovu lile alilijua. Alilishika tangu akiwa hajui kutembea. Lilikuwa kwenye mkono wa mama yake.

Aliandika *vidole vimechakaa, arudi baada ya siku thelathini*, akafunga jalada, na fununu ikafutika nalo. Akamwonya bibi asiguse kazi yoyote. Bi Atija akamshukuru hadi Somoe akaona aibu.

Jioni alipofika nyumbani Naliendele alimkuta mama yake, Bi Salma, akichambua mchele barazani. Akamtajia jina moja tu. Atija. Mama yake hakuinua uso. Aliendelea kuchambua mchele uleule uliokwisha kuwa safi, punje baada ya punje, kisha akasema, "Yu hai?"

"Yu hai. Yuko kambini."

"Ana afya?"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Waliponiokota kule mtoni walinipa jina, wakanipeleka kuandikishwa kama mtoto wao aliyezaliwa Newala. Nilikuwa na miaka sita, Somoe. Nikaambiwa nisiseme. Sikusema mpaka nikasahau kama kuna cha kusema."

Hapo ndipo Somoe alipoelewa mtego alioukalia. Sheria ya Mzizi aliijua kwa moyo; yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea waombaji. Mzazi akigundulika aliandikishwa kwa maelezo ya uongo, uraia wake unasimamishwa, na wa watoto wake wote, papo hapo, bila kujali nani aliyedanganya na alikuwa na umri gani. Wanarudi kuwa waombaji. Mtambuzi alikuwa na mate ya Somoe tangu siku alipoajiriwa. Hakuhitaji ya mama yake. Akiyapata ya Bi Atija, uzi ungejivuta wenyewe.

Walikubaliana, yeye na mama yake, kwamba vidole vitapona. Bi Atija atapita kwa vidole, kimya kimya, kisha atakuja nyumbani. Mama alishanunua godoro jipya.

*

"Bi Somoe, kuna nini hapo? Foleni imelala."

Alikuwa Bwana Likwata, mkuu wa kituo, mtu mwembamba wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, aliyependa neno utaratibu kuliko jina lake mwenyewe. Alikuja nyuma ya Somoe akiwa na kikombe cha chai, akachungulia skrini.

"Vidole viwili? Mwandikie mate, twende."

"Nilikuwa najaribu tena, Mkuu."

"Utajaribu mpaka lini? Nina watu arobaini nje na nusu saa tu. Vijiti vya pamba hivyo hapo." Akakiona kifuko cha kanga. "Na hiki?"

"Ni korosho zangu, baba," Bi Atija akaingilia kupitia kioo. "Nimemletea binti."

"Zawadi haziruhusiwi, mama. Utaratibu."

"Mgeni asije na kitu?"

Bwana Likwata akanywa chai. "Nimechoka na mashine hii," alimwambia Somoe kwa sauti ya chini. "Unajua juzi imempa kibali marehemu? Mtu amezikwa wiki mbili, kibali kimechapishwa. Napiga simu makao makuu kifutwe, wananiambia kibali kikishatoka hakirudi, kinasimama miaka mitano, hata aliyekipata awe nani. Marehemu ana haki ya kukaa nchini kuliko wengi walioko hapo uwanjani." Akaondoka akitikisa kichwa. Mlangoni akageuka. "Mate, Bi Somoe."

Somoe alichukua simu, akamwomba Bi Atija asubiri kidogo, akatoka kwa mlango wa nyuma, penye matangi ya maji. Mama yake alipokea kabla simu haijaita mara mbili. Bila shaka alikuwa ameikalia.

"Amepita?"

"Hajapita. Amebangua korosho, mama. Aniletee mimi zawadi. Vidole vimeungua."

Ajabu, mama yake akacheka, kicheko kifupi cha kwikwi. "Atija huyo. Ndiyo yeye hasa."

"Mkuu anataka mate. Nikichukua, tumekwisha, mimi na wewe. Nisipochukua anapanda basi leo. Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani sasa?"

"Somoe, sikiliza. Naogopa. Nina nyumba, nina kaburi la baba yako hapo nyuma, nina majirani wanaoniita mwenyekiti wa kikundi. Ukiniuliza nitakwambia usitume. Nitakwambia hivyo kwa mdomo huu huu, kisha nitajichukia mpaka nife. Kwa hiyo usiniulize. Nakuomba, mwanangu, usiniulize."

Simu ikakatika. Somoe alibaki amesimama pale, tangi likidondosha maji kwenye kiatu chake. Aliona hasira. Alimkasirikia mama yake kwa kumwachia mzigo, akamkasirikia bibi kwa adabu zake za kijinga, akamkasirikia mtu yule asiyemjua, aliyeketi mahali penye kiyoyozi akaandika kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kudanganya serikali. Kisha akarudi ndani, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda.

*

Kila mwombaji hutoa vijiti viwili. Kimoja kinatiwa ndani ya Mtambuzi, cha pili kinawekwa akiba kwenye trei. Kwenye trei ya Somoe kilikuwepo kijiti cha akiba cha namba iliyotangulia, msichana aitwaye Muanasha, aliyekuja na mtoto mgongoni. Nasaba yake ilikuwa safi, haikugusa mtu yeyote nchini. Ombi lake lilishapokelewa, na sasa aliketi kwenye benchi nje akimnyonyesha mwanawe, akingoja karatasi.

Somoe akakitazama kijiti kile.

Ingechukua sekunde tatu. Angempa Bi Atija kijiti, angekipokea, angekidondosha kwenye pipa, angetia cha Muanasha. Kamera ya kaunta ilitazama nyuso, haikutazama mikono. Hilo makarani wote walilijua. Mtambuzi angeona damu ya watu wawili imefanana, angeandika kwamba ni ndugu, na bibi angepita kama jamaa wa Muanasha. Mama angebaki na nyumba yake. Godoro lingepata mlalaji. Nani angeumia?

Alikishika. Kilikuwa chepesi, kama hakuna kitu.

"Huyu mtoto wa pale nje ana homa," Bi Atija akasema ghafla. Alikuwa amegeuka akitazama benchi. "Nilimgusa tukiwa foleni. Nimemwambia mama yake, ukipata tu karatasi mpeleke kwa daktari, usipitie popote. Anasema huko hospitali nako wanachukua mate kwanza, kulinganisha. Kweli?"

"Kweli," Somoe akasema.

"Eti mate yasipolingana na ya kwenye karatasi wanakurudisha."

"Kweli, Bibi."

Kijiti kikawa kizito. Somoe aliona namna mambo yatakavyokwenda, hatua kwa hatua, maana yeye ndiye aliyekuwa akiandika taarifa zake. Siku Bi Atija atakapougua, mate yake ya kweli yatakataa kulingana. Wataangalia ni ya nani yaliyotangulia. Watamfuata Muanasha, aliyeyatoa ya kwake kwa haki, wamuulize aliuza damu yake kwa bei gani, na yule mtoto mwenye homa, ambaye leo yuko nje hajui hata jina lake, ataandikwa kwenye orodha ya kurudishwa.

Alikirudisha kwenye trei. Saa ilisema saa tisa na dakika thelathini na saba.

Kulikuwa bado na njia nyingine, nayo ilikuwa rahisi kuliko zote. Aandike *mwombaji ameshindwa kutimiza masharti.* Maneno manne. Bibi angepanda basi akishukuru, akidhani ni kosa la vidole vyake mwenyewe. Asingejua kamwe. Hilo ndilo lililomchoma Somoe kuliko lolote, kwamba asingejua. Angeachwa kwa mara nyingine upande uleule wa mto, na safari hii aliyemwacha angekuwa binti wa mtoto ambaye yeye alimpisha mtumbwini.

"Bibi," akasema, "yule mdogo wako. Ungemwona leo ungemwambia nini?"

Bi Atija akafikiri. "Ningemuuliza kama alikula. Siku ile alipanda mtumbwi hajala, mimi ndiye niliyekula kiporo chake. Nilidhani kitatupikiwa kingine." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Miaka hamsini na moja, lakini hilo ndilo linalonijia. Kile kiporo."

Somoe alivunja muhuri wa kijiti kipya.

"Fungua kinywa, Bibi."

*

Mtambuzi huchukua dakika sita. Somoe alizihesabu zote. Bwana Likwata alikuja akasimama nyuma yake, akaridhika kuona taa ya kijani ikizunguka, akasema, "Umeona? Utaratibu." Somoe akasema ndiyo, Mkuu.

Halafu ile sauti ya upole ikasema kwa spika, kama inavyosema kwa kila mtu, na dirisha zima likasikia.

"Nasaba imepatikana. Mwombaji Atija Namwaka ana ndugu wa damu raia, upande wa mama. Mtumishi nne, nne, moja, saba. Mtoto wa mdogo wake. Kibali kimetolewa."

Printa ikakohoa, ikaanza kutoa karatasi.

"Uraia wa mtumishi nne, nne, moja, saba na wa mzazi wake umesimamishwa kwa uchunguzi wa mzizi. Wawasilishe ombi kabla dirisha halijafungwa."

Kikombe cha Bwana Likwata kikagonga meza. "Nne nne moja... Somoe, hiyo si namba yako?"

"Ni yangu, Mkuu."

"Imekosea. Mashine hii! Iliyompa marehemu..."

"Haijakosea."

Upande wa pili wa kioo Bi Atija alikuwa amenyanyua uso. Alikuwa akimtazama Somoe kana kwamba hajawahi kumwona: paji la uso, kidevu, masikio.

"Alifika," akasema. "Anshura alifika."

"Alifika, mama mkubwa. Yuko nyumbani. Anakusubiri tangu mwezi uliopita."

"Na wewe ulijua? Ulijua ukaninyamazia?"

"Nilijua. Niliogopa."

Bi Atija akauweka mkono wake ulioungua juu ya kioo, kiganja wazi. Hakusema kwamba amesamehe, wala kwamba hakusamehe. "Umefanana naye masikio," akasema, kisha akaanza kulia waziwazi, kwa sauti, foleni nzima ikisikia.

Saa tisa na dakika arobaini na nane.

Somoe akasimama. Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya meza mbele ya Bwana Likwata. Akachomoa kibali kwenye printa, bado cha moto. Akafungua mlango wa pembeni, akazunguka nje. Foleni ilimpisha bila kuambiwa. Akamkabidhi Bi Atija karatasi yake mkononi, akaenda kwenye kimashine cha namba kilichokuwa ukutani, akabonyeza. Kikamtolea mia tatu na kumi na mbili. Namba iliyokuwa ikihudumiwa ilikuwa mia mbili na sabini na moja.

"Dada, pita," akasema mwanamume mmoja aliyekuwa mbele, mwenye namba mia mbili na sabini na mbili. "Wewe pita."

"Na wewe je? Dirisha linafungwa."

"Kama wanaweza kuninyima kwa ajili ya dakika tatu, wangeninyima tu hata usingepita."

Bwana Likwata alikuwa ameketi kwenye kiti cha Somoe. Alikuwa hajaketi kwenye kaunta kwa miaka mingi, na ilimchukua muda kuipata fomu kwenye skrini. Alipoipata alitazama saa, akautazama uwanja na mabasi yake, akakohoa.

"Jina?" akauliza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Alikuwa amekula ubwabwa kwenye msiba wa baba yake Somoe.

"Somoe Mchopa."

"Mnaoomba ni wangapi katika nyumba?"

"Wawili. Mimi na mama yangu."

"Jina la mama?"

Maisha yake yote alilijibu swali hilo kwa jina la Salma bila kufikiri, shuleni, benki, kwenye mtihani wa ajira.

"Anshura Namwaka."

"Mahali alipozaliwa?"

"Ng'ambo ya mto."

Bwana Likwata akaandika kwa vidole viwili, polepole, herufi moja moja. Nje dereva wa basi la kwanza aliwasha injini. Vioo vya kontena vikatetemeka. Mtoto wa Muanasha akaamka akalia.

"Swali la tisa," akasema Bwana Likwata, na sauti yake ikapungukiwa na utaratibu wote. Alilisoma kwenye skrini kwanza, kimya, kisha akainua macho akamtazama Somoe, na Somoe akaona kwamba mkuu wake ameelewa sekunde ileile aliyoelewa yeye. Marehemu. Kibali kikishatoka hakirudi. "Una ndugu yeyote mwenye haki ya kukaa nchini?"

Somoe aligeuka. Bi Atija alikuwa amesimama nyuma yake hatua moja, kibali amekikumbatia kifuani kwa vidole vyake vyeusi. Machozi hayajamkauka. Kile kifuko cha kanga alikuwa amekichukua tena chini ya kioo.

"Ninaye," akasema Somoe.

"Jina lake?"

Lakini hakupata nafasi ya kujibu. Bi Atija alimsogeza kwa bega, akaubandika uso wake kwenye kioo, akaiinua ile karatasi ili isomeke vizuri.

"Andika, baba," akasema. "Andika haraka. Hawa ni wangu, wote wawili."